Daftari Kabla ya Jengo

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika lebo. Si lebo za chupa. Nazungumzia zile kadi ndogo nyeupe zinazobandikwa ukutani kando ya kazi ya sanaa, zile ambazo wengi wetu huzipita tukitafuta mahali penye mwanga mzuri wa kupiga selfi. Ilikuwa kazi ya wiki tatu, katika jumba dogo la maonyesho hapa Nairobi ambalo sitalitaja. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo ninaishi kwa kuandikia watu: wasifu wa kutafutia kazi, matangazo ya saluni, hotuba za mabwana harusi wasiojua la kusema. Lebo 120, malipo kwa kila lebo. Sikuuliza maswali mengi.

Nilitumiwa jedwali. Safu ya kwanza ilikuwa ya nambari, ya pili kitu chenyewe, ya tatu kilikotoka, ya nne msanii. Katika hiyo safu ya nne, neno moja lilikuwa limeshuka kutoka juu mpaka chini. Kigoda, Turkana: hajulikani. Mkufu wa shanga, Kajiado: hajulikani. Kiondo, Ukambani: hajulikani. Kibuyu cha maziwa, Baringo: hajulikani. Waliojulikana walikuwa kumi na mmoja tu, wote wachoraji wa rangi kwenye turubai, na wengi wao hata nambari ya simu ilikuwa imeandikwa.

Siku ya nne nikafika kwa swala. Swala wa mti wa muhugu, kimo sentimita 30, Ukambani, hajulikani. Nilitakiwa kupima tu, lakini nilimgeuza. Chini ya kitako kulikuwa na alama: mikato mitatu mifupi na mmoja umeipita kwa juu. Mwili ulinisisimka. Alama hiyo naijua. Iko chini ya kigoda anachokalia bibi yangu, ambaye sisi humwita Susu, kule Wamunyu. Iko kwenye mpini wa mwiko wake wa ugali. Babu alikuwa mchongaji, na alifariki nikiwa na miaka tisa.

Acha nieleze biashara hiyo ilivyokuwa, maana ndiyo kiini cha yote nitakayosema. Babu alichonga chini ya mwembe kila siku isipokuwa Jumapili: tezo kwanza, kisha kisu, kisha msasa, mwishowe rangi ya viatu ili mti ung'ae. Kazi ikikamilika alipeleka kwa ushirika. Pale sanamu ilibandikwa karatasi yenye bei na nambari ya mwanachama, ili ikiuzwa wajue nani alipwe. Mtalii alinunua, na kwa kuwa ilikuwa zawadi ya mtu, alibandua karatasi. Basi. Nambari ndiyo iliyokuwa jina la babu sokoni, na jina hilo lilishikwa na gundi tu.

Nilimwendea mama aliyekuwa akisimamia maonyesho. Nikamwambia, "Madam, huyu swala ni wa babu yangu." Hakunicheka. Aliweka kalamu chini, akamtazama swala, akanitazama mimi.

"Una karatasi yoyote?"

"Nina kigoda cha Susu."

"Nakuamini," akasema. "Lakini kesho atakuja mwingine aniambie kile kiondo ni cha shangazi yake. Nitamwambia nini? Lebo si mahali pa hisia."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikaandika: Swala. Muhugu. Ukambani. Msanii hajulikani. Mwisho wa mwezi nikalipwa, nikalipa nyumba. Yaani niliandika kwa mkono wangu kwamba babu yangu hajulikani, na nikala hizo pesa. Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: ukiamua kutunza kazi ya mtu, una deni gani kwake? Na ikiwa anayetunza ni taifa zima, nani hasa analipa hilo deni?

Watu wa sanaa hapa Nairobi wamelia miaka mingi kwamba Kenya haina makavazi ya kitaifa ya sanaa na ubunifu yanayojisimamia. Kweli, tuna Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill, lakini hiyo ni nyumba ya kila kitu: ndege, nyoka, visukuku, historia, na sanaa ikipewa chumba chake humo humo. Kila mara kilio hiki kinapozuka, mazungumzo huanza na jengo. Lijengwe wapi? Mchoro wake ufanane na nini, ngoma au ngao? Nani atatoa pesa? Picha za kompyuta zinazunguka mtandaoni, zikiwa na miti isiyokuwepo na watoto wanaocheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliozishabikia. Siku hizi nadhani tunaanzia upande usio wake. Jengo ni jambo la mwisho. La kwanza ni daftari: nani anaandika kilichomo, anaandika nini, nani anaruhusiwa kumsahihisha, na nani ana nguvu ya kusema hapana mkubwa akitaka kuuza. Najua hayo ni mambo ya ofisini, hayana selfi. Lakini nimekuja kuamini kwamba maadili ya makavazi yanakaa humo.

Mfano wetu mkubwa ni Joseph Murumbi. Kama umewahi kumwambia mtu "tukutane Archives", basi umesimama mlangoni kwake bila kujua. Murumbi alizaliwa 1911, baba Mgoa na mama Mmaasai. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha makamu wa pili wa rais wa Kenya, na akajiuzulu mwaka huo huo wa 1966 alipopewa cheo. Siasa ilimchosha, sanaa haikumchosha. Alikusanya vitabu, stempu, vitambaa, vinyago, mapambo, picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Alan Donovan walianzisha African Heritage, nyumba ya sanaa iliyouza na kuonyesha kazi za Waafrika wakati ambapo wengi mjini waliziita vikumbusho vya watalii tu.

Murumbi alitaka vitu vyake vibaki Kenya. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 serikali ilinunua mkusanyiko wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, mpango ukiwa pageuzwe kituo cha elimu ya Afrika. Ulikuwa mpango mzuri sana. Lakini nyumba iliachwa ichakae, ikabomolewa, ardhi ikagawanywa. Murumbi alikufa 1990, akazikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto. Maelfu ya vitabu vyake na sehemu ya sanaa viko Archives, ghorofa ambayo zamani ilikuwa benki. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway.

Kisa hiki huwa tunakisimulia kama hadithi ya mtu mwema na serikali mbaya. Mimi sikioni hivyo tu. Mnunuzi wa nyumba na mnunuzi wa vitabu alikuwa mmoja, serikali ile ile. Vitabu viliingia mahali penye watu ambao kazi yao ni kuandika kila kinachoingia na kuulizwa kila kinachotoka. Nyumba haikupata mtu wa namna hiyo, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kusimama mlangoni na kusema "hapa hapaguswi". Kuuzia serikali kitu hakumaanishi kimehifadhiwa. Serikali ni neno tu mpaka iwe na mtu mwenye daftari mkononi na sheria nyuma yake.

Na hiyo Nairobi Gallery ina jambo ambalo hunifanya nitabasamu. Jengo lile ni la mwaka 1913, lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa enzi za ukoloni. Hapo ndipo watu walipoandikishwa: wamezaliwa, wameoana, wamekufa. Yaani nyumba inayotunza sanaa ya Murumbi leo ilikuwa nyumba ya madaftari. Mkoloni aliandika watu ili awatawale, sidanganyiki kuhusu hilo. Kuandikwa peke yake si heshima. Kuna daftari la kumhesabu mtu kama ng'ombe, na kuna daftari la kumpa mtu haki ya kudai. Tofauti iko katika kama yule aliyeandikwa anaweza kulifungua, alisome, na aseme "hapa mmekosea".

Usiniambie hatuwezi. Tunaweza, na tumeshafanya, ila tulifanyia mifupa. Panda pale Museum Hill, kwenye makavazi yaliyofunguliwa 1930 yakiwa na jina la gavana Coryndon. Humo yumo Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo ina nambari: KNM-WT 15000. Ina mahali: Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ina mwaka: 1984. Na ina jina la aliyeiona kwanza, Kamoya Kimeu, Mkamba ambaye hakusoma shule nyingi lakini jicho lake liliheshimiwa na wanasayansi dunia nzima. Kipande cha mfupa kilichokuwa kimelala kwenye changarawe tunajua nani alikiinua. Swala aliyechongwa wakati mama yangu akiwa shule ya msingi, hajulikani.

Kwa nini? Kwa sababu katika sayansi, mfupa usio na kumbukumbu ya ulikotoka haufai kitu, kwa hiyo ikajengwa desturi ya kuuliza. Kwa kazi ya mikono ya watu wetu desturi ilikuwa kinyume: ilionekana inapendeza zaidi ikiwa ya "kabila" kuliko ikiwa ya mtu. Ukisema kiondo ni cha Wakamba, umekifanya cha kale na cha ajabu. Ukisema kilisukwa na mama fulani mwaka fulani, aliyechagua zambarau kwa sababu uzi mwekundu uliisha dukani, umekifanya ubunifu. Na mbunifu anaweza kuuliza amelipwa ngapi. Nimefikia kuamini kwamba mara nyingi "hajulikani" maana yake ni "hatukuuliza".

Jina la taifa nalo likiachwa bila mwenyewe, atatokea wa kulichukua. Mwaka 2013, na tena 2015, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice kule Italia, Kenya ilipewa banda ambalo wasanii wengi ndani yake hawakuwa Wakenya, wengi wakiwa Wachina. Wasanii wa hapa walipiga kelele. Michael Soi akachora mfululizo mzima wa picha za kukejeli aibu hiyo, na mwaka 2015 serikali ikajitenga na banda lile. Watu walikasirikia Waitalia na Wachina. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: hapa kwetu ni ofisi gani iliyokuwa na kazi ya kujua nani anaweza kusema "mimi ni sanaa ya Kenya"? Ilibidi wasanii wenyewe wapige kelele ndipo serikali ishtuke.

Tena si kwamba wasanii wamekaa wakingoja. Elimo Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa mwaka 1965. Mwaka 1997 moto ukaiunguza pamoja na kazi zilizokuwamo, na waliobaki wakaendelea. GoDown ilikuja 2003. Michael Armitage, mchoraji anayeuzwa bei za kutisha London, ameanzisha taasisi ya sanaa ya kisasa hapa Nairobi. Hawa wote wamebeba kazi ambayo ingekuwa ya umma. Tuwashukuru. Lakini kitu cha mtu binafsi kina umri wa mtu huyo, au wa mfadhili wake, na moto ukitokea hasara ni ya taifa bila taifa kuwa na orodha ya kilichoungua.

Orodha. Wiki zile za lebo nilikuwa nasoma kuhusu mradi ulioitwa Invisible Inventories, uliounganisha Makavazi ya Kitaifa, kundi la The Nest la hapa Nairobi, kundi la SHIFT na makavazi mawili ya Ujerumani. Walichofanya kinaonekana kidogo sana: walihesabu. Waliandikia makavazi ya nje na kuuliza, mna nini cha Kenya? Wakapata vitu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Havikurudi, bado viko huko. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, bado iko mikononi mwa British Museum jijini London. Lakini kabla ya orodha ile ungeweza kuambiwa "vitu gani?" ukanyamaza. Sasa una ukurasa wa kuonyesha.

Na kuna kisa cha vigango ambacho ningependa kila anayetaka kuendesha makavazi akisome kabla hajateuliwa. Kigango ni mti uliochongwa unaosimamishwa kwa ajili ya mzee wa Kimijikenda aliyekuwa katika chama cha Gohu, baada ya kufa kwake. Hakihamishwi. Kinaachwa pale pale kizeeke mpaka kiishe. Wezi walivichimba vingi na kuviuza, na vikaishia kwenye nyumba za matajiri na makavazi ya Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita, na picha ile ndiyo iliyosaidia kuvitambua, kimoja Illinois na kingine Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vilirudishwa kwa familia.

Kisa hiki kinafundisha mambo mawili. La kwanza, kilichovirudisha ni kumbukumbu: picha, jina, mwaka. Vigango vingine vingi vilivyoibwa havikuwa na picha, na kwa hao wenye vitu huko ng'ambo jibu ni rahisi: hajulikani. La pili ni gumu zaidi kwetu sisi tunaopenda makavazi. Kuna vitu ambavyo heshima yake ni kuachwa vioze. Makavazi mazuri lazima yaweze kuandika kwenye daftari: hiki tunakijua, tunajua kiliko, na hatukichukui. Sijui bodi nyingi zenye ujasiri wa kujivunia kitu ambacho hazikukichukua.

Sasa, najua msomaji mmoja ameshachoka na mimi. Anasema: boss, hospitali hazina dawa, wahitimu wanauza mayai, na wewe unalilia lebo za swala? Hoja hiyo siidharau. Mimi mwenyewe niliuza mayai. Nikipewa bajeti nichague kati ya dawa na jengo la kioo la sanaa, nitachagua dawa na sitaomba radhi. Ndiyo maana nasema daftari kabla ya jengo. Daftari ni mishahara ya watu wachache wanaojua kuuliza, lugha za nyumbani wakiwa nazo, kamera, nauli ya kufika Wamunyu na Lamu na Lodwar, na kabati lisilovuja. Kuna wazee wanaojua alama ya nani ni ipi, na wazee hawangoji mwaka mwingine wa fedha. Jengo linaweza kungoja miaka ishirini. Susu hawezi.

Msomaji mwingine ana hoja nzito zaidi, na hii ndiyo inaninyima usingizi. Nyuma ya kitanda changu kuna bango la katoni ya mafuta ya kupikia. Nililibeba Juni 2024, siku za maandamano ya Mswada wa Fedha. Limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: TUMEUSOMA WOTE. Herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi iliisha. Tarehe 25 watu waliingia Bungeni, na wenzetu walipigwa risasi na kufa. Kesho yake rais akasema hatautia sahihi mswada. Yale mabango, katuni, michoro, wimbo wa kila simu, ndiyo sanaa na ubunifu uliowahi kugusa watu wengi wa rika langu kwa mpigo mmoja. Makavazi yoyote ya kitaifa ya ubunifu yasiyokuwa nayo yatakuwa yanadanganya. Lakini je, mimi nitampelekea bango langu mtunzaji ambaye bodi yake inateuliwa na serikali ile ile? Akiniuliza jina nimwambie?

Hapo safu ya nne inabadilika maana. Kwa babu, kuandikwa jina ni haki yake. Kwa aliyebeba bango, kuandikwa jina kunaweza kuwa hatari. Kwa mzee wa Gohu, jina lake si la kusomwa na kila mpita njia. Hakuna kanuni moja ya kuwatosha wote watatu, na ndiyo sababu swali la nani anasimamia si la ofisini tu. Anayeshika daftari lazima awe mtu ambaye unaweza kumwambia "andika, lakini funga mpaka nitakapokuwa nimekufa," na ukalala. Mtu kama huyo hapatikani kwa bahati. Inabidi sheria imlinde asifukuzwe kwa simu moja kutoka juu. Inabidi viti kwenye bodi visiwe vya marafiki wa mtu, viwe na wachongaji, wasusi na wachoraji waliochaguliwa na wenzao. Inabidi orodha iwe wazi mtandaoni, ile sehemu isiyomhatarisha mtu, na kitu kisiuzwe wala kutolewa kabla ya kutangazwa hadharani na watu kupewa muda wa kupinga.

Na inabidi mlango ufunguliwe saa ambazo watu wako huru. Makavazi ya ubunifu yaliyo maarufu zaidi duniani, yale yanayoitwa leo Victoria and Albert, yaliwasha taa za gesi London katika miaka ya 1850 ili yafunguliwe jioni, wafanyakazi wakitoka kazini wapate kuingia. Waingereza hao hao walikuwa wakijiandaa kuchukua vya wengine, sisahau. Lakini waliona kwamba saa ya kufunga mlango ni uamuzi kuhusu nani ni mwenye nyumba. Fundi wa viatu wa Kariokor, ambaye kazi yake ni ubunifu mtupu, anatoka saa ngapi?

Sasa nirudi kwa swala. Agosti nilipanda matatu mpaka Machakos, nikaunganisha nyingine mpaka Wamunyu, picha ya ile alama ikiwa kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kurekodi sauti ya Susu akisema hii ni alama ya mume wangu, nimrudishie madam ushahidi wake.

Susu aliishika simu mbali na macho, akaivuta karibu, akacheka.

"Hii si ya babu yako peke yake."

Kumbe ilikuwa alama ya mwembe. Babu na mdogo wake walichonga pamoja miaka yote ile. Babu alikuwa wa tezo, alimtoa mnyama ndani ya mti. Mdogo wake alikuwa wa kisu, alimpa macho, masikio na mishipa ya shingo. Mdogo wake alikufa mapema, kabla sijazaliwa, na nyumbani hatukuwa tukimtaja sana. Susu aliikuza picha ya uso wa swala kwa vidole viwili, kama mtoto wa mjini. "Macho haya ni yake," akasema. "Babu yako hakuweza macho."

Nilikaa kimya. Kama madam angenikubalia siku ile, lebo ingeandikwa jina moja, nami ningekuwa nimemfuta mtu mwingine kwa upendo wote. Alikuwa sahihi kunikatalia. Hakuwa sahihi kuandika hajulikani. Kati ya hayo mawili kulikuwa na nafasi kubwa, nauli ya kwenda na kurudi Wamunyu, na hakukuwa na mtu aliyekuwa na kazi ya kuisafiri.

Usiku huo niliandika lebo upya, kwa simu, Susu akiwa amelala. Swala. Muhugu. Wamunyu. Kazi ya ndugu wawili waliochonga chini ya mwembe mmoja. Mkubwa alitoa umbo, mdogo akamaliza uso. Nikaweka majina yote mawili. Alama chini ya kitako ni yao wote. Mwenye kujua zaidi atuambie. Nikamtumia madam. Maonyesho yalikuwa yameisha zamani, swala ameshafungwa kwenye sanduku, na mimi sikuwa nadai malipo yoyote.

Tiki mbili za buluu. Siku tatu kimya. Ya nne akajibu, mstari mmoja tu: "Nitumie pia jina la aliyekuambia, na tarehe."

Nikaandika tarehe. Kisha nikaandika jina la Susu, yote matatu.